Shangazi, nimenunua boksi zima la vitabu vya watoto na hakuna anayesoma

Shikamoo shangazi,

Jina langu tuliache, niite tu mama wa boksi, mbele utaelewa kwa nini. Nimekuwa nasoma majibu yako kimyakimya mda mrefu, leo nimeona na mimi niandike maana nilipofika sijui hata nimkasirikie nani.

Iko hivi. Nina watoto watatu, binti wa kwanza ana miaka 14, wa kati ni wa kiume ana 9, kitindamimba wa kike ana 4. Mimi utotoni nilikuwa msomaji hatari, yani nikikosa kitabu nasoma kipande cha gazeti nilichookota, nikikosa gazeti nasoma maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa, kwa hiyo nilijiapiza nikija kupata wangu nitawamwagia vitabu mpaka waseme mama inatosha. Mwaka jana nikapata hela kidogo nikanunua boksi zima kwa mkupuo. Nilifata orodha moja niliyoikuta intaneti, vitabu ambavyo kila mtoto anatakiwa awe amevisoma kabla hajatimiza miaka 12, afu nikaongezea vile nilivyovipenda mimi nikiwa na umri wao, nikavipanga kwenye shelfu sebuleni kwa kufata urefu, nikapiga na picha nikawatumia ndugu wote.

Shangazi, mwaka umeisha. Vilivyofunguliwa kwenye lile boksi havifiki vitano, na kimoja kazi yake ni kuzuia mlango usijibamize upepo ukivuma.

Nikianza na mkubwa, huyu mpaka miaka 11 alikuwa anasoma mpaka unamzimia taa kwa nguvu, afu ghafla akaacha, sielewi nini kilitokea. Sa hivi ni simu na mlango umefungwa. Ukimwambia mbona husomi siku hizi anakujibu "nasoma mama" kumbe anasoma meseji. Juzi nikamfuma anasoma stori ya mapenzi humo humo kwenye simu, zile zinazotoka vipande vipande watu wanasubiri kipande cha kesho, nikamwambia hizo takataka, kachukue kitabu cha maana vimejaa hapo sebuleni. Akaweka simu chini akageukia ukutani. Leo siku ya tatu hajanisemesha zaidi ya salamu.

Wa kati ndo vita kabisa. Kusoma kwake bado kunakwamakwama, anafika katikati ya mstari anarudi mwanzo. Anachopenda ni kitabu kimoja tu cha nyoka chenye mapicha makubwa, hicho amekichambua mpaka anakwambia nyoka gani anatema sumu na yupi anakaba, na vitabu vya katuni anavyoazima kwa wenzake. Baba yao kasema katuni sio vitabu, kavipiga marufuku mpaka mtoto amalize kwanza vile vya kwenye boksi, kurasa 10 kila siku, saa imewekwa mezani. Unamkuta kakaa nusu saa ukurasa haujageuzwa, machozi yanadondokea humo humo.

Huyu wa mwisho sasa, yeye anapenda vitabu, sikatai, ila anapenda KIMOJA. Kuna bata kapoteza kiatu anakitafuta kurasa zote, mwisho kiatu kiko mguuni kwake mwenyewe. Kila usiku, mwezi wa nne huu. Nikiruka ukurasa anajua. Ngoja niungame tu shangazi, wiki iliyopita nilikificha chini ya godoro nikasema kimepotea, akalia mpaka akalala na kwikwi.

Na mdogo wangu kajifungua, mtoto ana miezi 5, ananiuliza mimi nimshauri vitabu! Mimi niliyeshindwa na wangu.

Naomba unieleze, vitabu vya kila umri mtu anachaguaje? Nimekosea wapi? Usinionee huruma.

Mama wa boksi

*

Marahaba mwanangu,

Kabla hujaendelea kusoma simama, nenda kakitoe hicho kitabu cha bata chini ya godoro. Mimi nakusubiri.

Haya. Nianze hapo hapo kwa bata maana ndo sehemu ambayo hujaharibu kitu bado. Mtoto wa miaka 4 anayetaka kitabu kile kile kila usiku hana ushamba wala hana ubishi, anafanya kazi yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichukua watoto wa miaka 3, wengine wakawa wanasomewa hadithi ile ile kwa kurudia, wengine wakasomewa hadithi tofauti tofauti, na maneno mapya yaliyofichwa humo ndani yalikuwa yale yale kwa wote, na waliorudiwa hadithi moja ndo waliyashika vizuri zaidi. Ukifikiria inaingia akilini, mara ya kwanza mtoto anahangaika kujua bata kafanyaje, mara ya tano hilo analijua kwa hiyo macho yake yana nafasi ya kuzunguka kwenye picha na masikio yana nafasi ya kushika maneno. Afu kuna raha ya kujua. Dunia ya mtoto mdogo imejaa vitu asivyovijua, hapo usiku kwa dakika kumi yeye ndo mjuzi, anajua kiatu kiko wapi na bata hajui! Ungekuwa wewe ungekiacha?

Ukichoka mgeuzie kibao, mwambie leo wewe ndo unanisomea, atakusomea picha kwa maneno yake na hiyo nayo ni kusoma. Au kosea makusudi, sema bata kapoteza kofia, uone atakavyoruka. Na weka utaratibu wa vitabu viwili usiku, chake kinaanza, chako kinafata, ila chako kiwe kifupi, kiwe na maneno yanayojirudiarudia au yenye vina, na kiwe na mtu mmoja mwenye shida moja inayoeleweka. Umri huu wanataka hivyo tu, shida inayoeleweka na mwisho unaotulia, na kitu cha kuchekea katikati. Tena angalia picha kama zinasema kitu ambacho maneno hayajasema, kama kwenye hicho chako naamini kiatu kinaonekana mguuni tangu ukurasa wa kwanza (nimebahatisha?), hapo ndo utamu wote ulipo.

Sasa tuje kwenye boksi.

Umesema nisikuonee huruma. Ulipokuwa unalijaza lile boksi hukuwa unawanunulia hawa watatu, ulikuwa unamnunulia yule mtoto aliyekuwa anasoma chupa za dawa. Yeye angelipenda sana, wala sitanii, angelimaliza wiki mbili. Ila huyo mtoto hayupo hapo nyumbani, kakua kawa wewe. Na orodha ya intaneti nayo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na wanao, na zile orodha nyingi watu wazima wanaandikiana watu wazima, ni vitabu tunavyotaka watoto WAWE WAMESOMA, sio vitabu wanavyotaka kuvisoma, tofauti hapo ni kubwa mno. Usijisikie vibaya sana. Mimi kijana wangu alipotimiza 10 nilimpa zawadi bonge la kitabu kizito nilichokiota mimi tangu msichana, aliniambia asante kwa adabu zote, nimekuja kukikuta miaka sita baadae tunahama nyumba, bado kina karatasi yake ya zawadi, alikifungua pembeni tu kuona ni nini akarudishia gundi. Kijana mwenyewe sasa hivi anasoma vitabu vya injini usiku kucha. Nilikuwa naye miaka yote hiyo na sikuwahi kumnunulia hata kimoja cha injini.

Sasa wa kiume. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo panauma.

Kwanza hicho kitabu cha nyoka ni kitabu. Sijui nani alituambia kusoma ni hadithi tu. Kuna watoto, na wengi tu, hawana hamu na watu wa kubuni, wanataka vitu vya kweli, nyoka, volkano, sayari, mashine, rekodi za wanariadha, mifupa ya dainosaria, wape hivyo. Mtoto anayekwambia yupi anatema sumu na yupi anakaba amesoma, ameelewa, amekumbuka na amelinganisha, mwalimu akitaka kumpima anataka nini zaidi ya hapo? Kwa hiyo kitabu kinachofata kwake hakipo kwenye orodha ya mtu, kipo pale pale kwenye nyoka, hatua moja pembeni, labda mijusi, labda viumbe vyenye sumu vya baharini, labda hadithi ya mtoto aliyepotea msituni ambamo nyoka anatokea ukurasa wa pili. Hivyo ndo mtu anavyotoka kitabu kimoja kwenda kingine, unafata kamba aliyoishika mwenyewe.

Pili kukwamakwama. Mtoto wa miaka 9 anayerudi mwanzo wa mstari kila mara, mpeleke akapimwe macho kwanza, ni jambo jepesi na watu wanalisahau. Macho yakiwa sawa zungumza na mwalimu kuhusu disleksia, hiyo haihusiani na uvivu wala akili ndogo, ni ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti zake, na ikijulikana mapema kuna njia za kumfundisha. Sisemi anayo, nasema saa mezani haitakwambia.

Wakati huo tenganisha vitu viwili ambavyo naona nyie mmevifunga pamoja. Kuna anachoweza kusoma kwa macho yake na kuna anachoweza kuelewa akisikia, na kwa watoto wengi masikio yako mbele ya macho miaka mingi, mpaka karibu na 13 au 14 hivi ndo vinakutana. Kumbe kichwa chake cha miaka 9 kinataka hadithi ya miaka 9 yenye hatari na siri na mtu mbaya kwelikweli, ila macho yanaweza vitabu vya miaka 6, ukimpa cha miaka 6 anaona anadhalilishwa na ukimpa cha miaka 9 analia. Dawa yake ni kwamba zile nzito msomee wewe. Ndio, miaka 9 bado anasomewa! Wazazi wengi wanaacha kumsomea mtoto siku tu anapojua kuunganisha silabi, yani anapata adhabu kwa kujifunza kusoma. Msomee, au mwekee vitabu vya kusikiliza huku anafata maandishi kwa kidole, ishia pale penye utamu, mlango unafunguliwa polepole, funga kitabu lala salama. Kesho yake usishangae ukikuta kachungulia mwenyewe.

Na vile vya kusoma peke yake tafuta vyenye maandishi makubwa kiasi, mistari isiyobanana, sura fupi fupi za kurasa tatu nne, picha kila baada ya muda, ila wahusika wawe na umri wake au wamzidi kidogo. Hilo la umri lishike kwa watoto wote, watoto wanasoma kwenda juu, wa 9 anataka habari za wa 11, wa 12 anataka za wa 15, ukimpa kitabu ambacho shujaa wake ni mdogo kuliko yeye anakiona cha mdogo wake. Vitabu vya mfululizo navyo ni mkombozi wa msomaji mzito, maana kazi ngumu ya kitabu ni kurasa 20 za mwanzo, kuzoea majina na mahali na nani ni nani, sasa kitabu cha pili mpaka cha kumi na tano hiyo kazi ilishafanyika. Wewe utaona stori ni moja tu inabadilishwa mwizi, mwache, kwani wewe tamthilia unazoangalia zina nini?

Kupima kama kitabu kinamtosha kuna njia ya vidole. Afungue ukurasa wa katikati asome, kila neno asilolijua anakunja kidole, vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha basi bado kizito kwa kusoma peke yake, viwili vitatu ni sawa. Ila kama amekipenda kwa moyo wote na vidole vimeisha mwachie tu, au msome wote.

Ukifika hapa mwite baba watoto asome na yeye. Shemeji, heshima yako, hili la katuni sio vitabu hapana. Mwaka 1992 mchoraji Art Spiegelman alipewa tuzo maalum ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi huko Marekani, kwa kitabu cha katuni, Maus, kinachoeleza jinsi baba yake alivyonusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, Wayahudi kawachora panya na Wajerumani paka. Hicho sio cha miaka 9, nimekitaja tu ujue katuni inaweza kubeba nini. Na anayesoma katuni hafanyi kazi ndogo, anasoma maneno, anasoma uso wa mhusika, anajaza mwenyewe kilichotokea kati ya kiboksi na kiboksi. Kwa mtoto anayekwama hiyo picha ndo fimbo ya kutembelea, unamnyang'anya fimbo afu unamwambia kimbia?

Na lingine shemeji, kitabu chepesi sio lazima kiwe cha kipuuzi. Huko Marekani mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika kwenye jarida la Life kwamba vitabu wanavyofundishiwa watoto kusoma vinachosha mno, watoto wenyewe humo wamechorwa wametulia kupita kiasi. Mwandishi wa vitabu vya watoto, Dr. Seuss, akaja mwaka 1957 na kitabu cha paka mwenye kofia chenye maneno 236 tu tofauti, mchapishaji wake akamwekea dau hawezi kuandika kingine kwa maneno 50, na mwaka 1960 akatoa cha maneno 50 kamili na watoto wanakicheka mpaka leo. Maneno 50! Kwa hiyo mambo ya kuhesabu kurasa 10 hayasemi chochote. Ondoa hiyo saa mezani, leo, sio wiki ijayo.

Mdogo wako na wa miezi 5 nimjibu haraka. Mtoto mchanga anaona vizuri kitu kilicho karibu, kama sentimita 20 mpaka 30 hivi mwanzoni, na anapenda vitu vyenye rangi zinazopingana, nyeusi kwa nyeupe, na nyuso za watu. Kufika miezi 5 kitabu kinaingia mdomoni kwa hiyo anunue vya karatasi ngumu au vya kitambaa, viwili vitatu vinatosha, na amsomee chochote hata kama ni jarida lake mwenyewe maana anachofata mtoto ni sauti ya mama na mapajani. Madaktari wa watoto Marekani, chama chao kizima, tangu mwaka 2014 wanashauri wazazi waanze kusoma na mtoto tangu mchanga. Akikitafuna amekisoma.

Haya, binti.

Kwanza umwombe msamaha. Najua utaniambia mzazi haombi msamaha, basi sema kwa namna yako, ila ajue kwamba ulikosea kuita takataka kitu alichokuwa anakisubiri tangu jana. Mwanangu, umeniandikia kwamba binti aliacha kusoma na hapo hapo umeniandikia umemfuma anasoma. Anasubiri kipande cha kesho! Wewe kuna kitabu gani kwenye lile boksi ambacho mtu anasubiri kesho ifike? Riwaya nyingi za karne ya 19 tunazoziheshimu leo zilitoka hivyo hivyo vipande vipande kwenye magazeti na majarida, Charles Dickens mwenyewe, yule mwandishi wa Uingereza, kaanza hivyo, na watu waligombania kipande kinachofata.

Miaka 12, 13, 14 wengi wanapungua, usidhani ni wako tu. Masomo yanakuwa mengi, marafiki wanakuwa ndo kila kitu, simu inaingia, na juu ya yote vitabu vya utotoni vinaanza kumbana kama viatu vya mwaka juzi na hakuna aliyempa vingine. Anayofikiria sasa ni mapenzi, mwili wake, nani rafiki wa kweli, mbona watu wazima waongo, nitakuwa nani, kifo ni nini. Anataka vitabu vinavyoongea hayo bila kumhubiria. Kwa hiyo mpe nafasi kwenye mapenzi, kwenye vya kutisha (wanavipenda mno, ni kuogopa ukiwa umejifunika blanketi lako mwenyewe), vya upelelezi, maisha ya kweli ya watu waliopitia makubwa, manga, yani katuni za Kijapani, ambazo zinasomwa kuanzia kulia ukianza kushoto umejulishwa mwisho, na kuna riwaya zilizoandikwa kwa mashairi, ukurasa una mistari michache, nyeupe nyingi, mtu anamaliza kitabu kizima kwa jioni moja na anajisikia mshindi. Hizo za mashairi usizidharau kwa msomaji aliyeanguka njiani, zinamwinua.

Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha, kuna unachojiona mwenyewe na kuna unachoona wengine. Sasa piga hesabu kwenye boksi lako, humo binti wa miaka 14 wa leo anajiona wapi? Mwenye sura kama yake, anayeongea kama anavyoongea nyumbani, mwenye mama kama wewe? Nahisi umejaza madirisha tupu, tena yanayotazama nyumba za watu wa zamani.

Utaniuliza na yale mazito je, mimba, dawa za kulevya, kujiua, ngono. Swali zuri. Namba ya umri iliyoandikwa nyuma ya kitabu ni makadirio ya mchapishaji, na mara nyingi inachanganya ugumu wa maneno na uzito wa jambo, wakati hivyo ni vitu viwili, kuna kitabu cha maneno mepesi kabisa kinachoongelea jambo la kuvunja moyo na kuna kigumu kisicho na dhara lolote. Mtoto wa 9 anayesoma kama wa 14 bado ana moyo wa 9. Njia pekee naijua mimi ni kusoma na wewe, sio kila kitu, chukua hicho alichokiacha juu ya kiti usome sura mbili. Likiwepo zito usimpokonye, ukimpokonya atakimalizia kwa rafiki yake bila wewe, we sema tu "nimefika pale alipotoroka nyumbani, mbona hakumwambia mtu?" afu nyamaza. Kuongelea mtu wa kitabuni ni rahisi kuliko kujiongelea, wewe utasikia mwenyewe humo katikati anamwongelea nani.

Ila usimgeuzie mtihani. Daniel Pennac, Mfaransa, alikuwa mwalimu miaka mingi ndo akaandika mwaka 1992 kitabu chenye haki 10 za msomaji, ya kwanza ni haki ya kutosoma kabisa, kuna haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza, haki ya kurudia (mwambie wa bata), haki ya kusoma chochote, na ya mwisho ni haki ya kunyamaza, yani mtu asikuulize umeelewa nini. Hiyo ya mwisho kwa wa miaka 14 iweke kichwani. Sisi wazazi tunapenda sana "haya tuambie umejifunza nini", hata mimi nikiulizwa hivyo kila nikimaliza kitabu nitaacha.

Kwa vitendo sasa. Usinunue tena kwa boksi. Kama kuna maktaba mnaweza kufika nendeni wote, kila mtu achukue vitano bila kuulizwa kwa nini, ukijua mapema kwamba vitatu vitarudi havijaguswa na hiyo ni sawa, ndo faida ya kuazima, kukosea hakuna gharama. Wafundishe tu kuchagua, aangalie jalada, asome maneno ya nyuma, asome ukurasa wa kwanza afu aibuke katikati asome mmoja, kama hajataka kujua kinachofata arudishe. Akikianza kikamshinda akiache kurasa 30, 40, hata 5, watu wazima tunafanya hivyo kila siku ila watoto tunawalazimisha wamalize kama dozi. Vya simu na tableti sivikatai, kwa mkubwa haina neno, ila kwa huyo wa 4 vile ambavyo ukigusa bata analia na puto linapasuka vinamtoa kwenye hadithi, anabaki kubonyeza tu. Na vitabu viwe vya lugha anayoiota usiku, ya kigeni itakuja na yenyewe baadae.

Boksi usilitupe. Toa vyote kwenye shelfu, kaa navyo wewe mwenyewe uvichambue, vile vya orodha vifungie stoo au gawa. Vile ulivyovipenda ukiwa mdogo bakiza viwili tu, uvisome wewe hapo sebuleni wakuone, ukicheka cheka kwa sauti, akikuuliza unacheka nini mwambie hamna, endelea kusoma.

Usiku wa leo bata. Kesho nyoka, shemeji ndo amsomee. Na ukishapatana na binti ukijua yule dada wa kwenye stori ya simu mwisho alimchukua yupi niandikie, maana nimeanza kuiwaza.

Shangazi